Kabla ya dhamira, mwalimu aulize nani kasimama wapi

Majuma machache yaliyopita nilipigiwa simu na kijana niliyemfundisha katika shahada ya kwanza, ambaye sasa ni mhadhiri. Alikuwa amekabidhiwa kozi ya fasihi ya dunia, sehemu ya Warusi na jamaa zao Waslavi, na mkuu wa idara yake akamshauri aongeze filamu ili wanafunzi wasisinzie. “Prof,” akaniambia, “nikiwaonyesha filamu hawatasoma riwaya. Nisipowaonyesha, hawatasoma vilevile.” Nilicheka, kisha nikatambua kwamba sina jibu. Nikamwomba anipe siku mbili.

Kilio chake si kigeni kwa mwalimu yeyote wa fasihi nchini. Kila mwaka makundi ya waigizaji huzunguka shule zetu za upili yakiigiza vitabu teule, na rekodi za maigizo hayo huuzwa na kutumiwa kwenye simu. Mtahiniwa akishatazama saa mbili za Kigogo au Bembea ya Maisha, kisha akaongezea mwongozo uliojaa sifa za wahusika, anahisi kitabu amekimaliza. Siwalaumu waigizaji, baadhi yao wana vipaji vya kutisha, na vijana wanastahili kuiona tamthilia ikiwa hai. Ninachouliza ni hiki: mwalimu anapoileta filamu na kuiweka kando ya kitabu, anafunza nini hasa? Kama anafunza hadithi ilivyokwenda, basi filamu imekuwa mwongozo unaotembea na kuzungumza. Hapo kijana wangu ana haki ya kuogopa.

Baada ya siku mbili nilimwelekeza kwa mwalimu mmoja aliyefariki mwaka 1948, Sergei Eisenstein. Wapenzi wa sinema humjua kwa filamu yake ya mwaka 1925 kuhusu maasi ya mabaharia wa meli ya kivita Potemkin. Wachache hukumbuka kwamba kwa miaka mingi mtu huyu alikuwa mwalimu wa darasani, mwenye ubao na chaki, katika chuo cha taifa cha sinema mjini Moscow, chuo kilichoanzishwa mwaka 1919. Alirudi huko mwaka 1932 baada ya safari ndefu ya Ulaya, Marekani na Mexico. Kati ya 1929 na 1938 hakukamilisha filamu hata moja. Ile aliyokuwa akiitengeneza, Bezhin Meadow, ambayo jina lake limetoka kwenye hadithi ya Turgenev, ilisimamishwa na wakubwa mwaka 1937. Katika miaka hiyo darasa ndilo lililokuwa studio yake. Alichonyimwa kukifanya kwa kamera alikifanya kwa maswali.

Tunajua alivyofundisha kwa sababu mwanafunzi wake mmoja, Vladimir Nizhny, aliyaandika masomo hayo, na kitabu chake kikatolewa kwa Kiingereza mwaka 1962. Ni kitabu ambacho ningependa kila mwalimu wa fasihi akisome, hata yule asiyejali sinema. Jambo la kwanza litakalomshangaza ni kwamba ndani ya masomo hayo filamu hazipo sana. Kuna vitabu. Eisenstein anachukua kipande cha riwaya, kipande kifupi tu, na kulifanya darasa likae nacho kwa saa nyingi.

Kipande kimoja kimetoka katika riwaya ya Anatoli Vinogradov kuhusu mapinduzi ya Haiti. Jenerali Dessalines, Mwafrika aliyezaliwa utumwani, amealikwa mezani na Wafaransa wanaopanga kumkamata. Mtumishi anamwonya kwa ishara, naye anaponyoka. Hadithi imekwisha, ukiiandikia muhtasari utatosha mistari miwili. Eisenstein anauliza: mlango uko wapi? Meza imekaa vipi? Dessalines anaketi akiwa ameupa mlango mgongo au uso? Mtumishi anapitia upande gani ili ishara yake ionekane na mmoja tu kati ya watu wote waliomo? Wanafunzi wanajibu, wanabishana, wanachora. Kidogo kidogo wanagundua kwamba kila mara wanapoisogeza meza wanabadilisha maana. Ukimkalisha jenerali kwenye kona, umemfanya mateka kabla hajakamatwa. Ukimweka katikati, adui zake wote watalazimika kumzunguka, na ghafla yeye ndiye nguzo ya chumba. (Eisenstein alitamani sana kutengeneza filamu kuhusu Haiti pamoja na Paul Robeson, Mmarekani mweusi aliyezuru Moscow mwishoni mwa 1934. Haikutengenezwa. Ni mojawapo ya filamu ambazo mimi huziota.)

Kipande cha pili ndicho kilichonivuta zaidi. Ni mauaji katika riwaya ya Dostoevsky ya mwaka 1866, Uhalifu na Adhabu. Raskolnikov, mwanafunzi maskini aliyeacha masomo, anamuua bibi anayekopesha watu kwa rehani, shailoki kama tunavyowaita mitaani. Eisenstein, mtu ambaye dunia nzima inamjua kwa montaji, yaani ufundi wa kukata na kuunga picha, anawaambia wanafunzi wake waipige picha sehemu hiyo kwa shoti moja. Kamera iwekwe mahali pamoja, isihamishwe, wala pasikatwe kitu hadi tendo liishe.

Kwa nini ajinyime silaha yake mwenyewe? Kwa sababu, nadhani, alitaka wanafunzi warudi kwenye kitabu. Ukiwa huna ruhusa ya kukata, huwezi kutatua tatizo kwa kurukia picha nyingine. Unalazimika kujua watu wanasogea vipi: nani anakuja karibu na kamera hadi uso wake ujae, nani anarudi nyuma hadi awe mdogo kama kidole. Na ili ujue hayo, sharti usome upya kila neno. Basi tusome. Raskolnikov amehesabu hatua kutoka lango la nyumba yake hadi kwa bibi: 730. Amebeba rehani ya uongo aliyoifunga kwa kamba kwa makusudi ili iwe vigumu kufunguka. Bibi anaipokea, anageukia dirisha apate mwanga, anapambana na fundo. Hapo mgongo wake uko kwa kijana. Fundo ndilo linalomuua kabla ya shoka. Na shoka lenyewe linaposhuka, linashuka kwa upande wake butu, makali yakimwelekea Raskolnikov mwenyewe. Dakika chache baadaye Lizaveta, ndugu wa bibi, anaingia bila kutarajiwa kwa sababu muuaji hakuufunga mlango, na safari hii makali yanamwelekea mwathiriwa.

Nimesoma riwaya hii mara nne maishani. Mara ya kwanza na ya pili sikuyaona makali yalielekea wapi. Niliyaona nilipojaribu zoezi la Eisenstein peke yangu, nyumbani, kwa penseli na karatasi, nikajiuliza ni kitu gani kingeng'aa mbele ya kamera. Jibu lilikuwa kwenye ukurasa tangu zamani, na mimi profesa mzima nilikuwa nikilipita nikikimbilia falsafa ya dhambi na toba.

Ndiyo maana nasema tatizo letu si filamu. Tatizo letu ni haraka ya kufika kwenye dhamira. Nitoe mfano wa nyumbani. Wengi wa rika langu tulikutana na Warusi kwa Kiswahili kupitia Mkaguzi Mkuu wa Serikali, tamthilia ya Gogol iliyotafsiriwa na Christon Mwakasaka. Tuliipenda! Meya mla rushwa, maafisa wanaotetemeka, kijana laghai anayedhaniwa ni mkaguzi: nani asingeielewa? Na tulipoulizwa maswali, yalikuwa yale yale: jadili maudhui ya ufisadi, taja sifa sita za meya, eleza ufaafu wa anwani. Lakini Gogol aliimaliza tamthilia yake kwa onyesho ambalo hakuna mwalimu aliyewahi kuniuliza kulihusu. Habari inafika kwamba mkaguzi wa kweli amewasili, na wote wanaganda. Gogol anaandika kwa makini nani asimame wapi: meya katikati kama mlingoti, mikono kaitandaza na kichwa kakirudisha nyuma, msimamizi wa posta amejipinda kama alama ya kuuliza, na wengine kila mmoja na mkao wake. Anaagiza wabaki hivyo kwa karibu dakika moja na nusu, kimya. Hebu jaribu kukaa kimya dakika moja na nusu ukumbini. Ni muda wa kutisha. Watazamaji wanaacha kucheka, wanaanza kujitazama.

Mwaka 1926 Vsevolod Meyerhold aliiweka tamthilia hiyo jukwaani mjini Moscow, na katika onyesho hilo la mwisho akawaondoa waigizaji na kuweka masanamu mahali pao. Eisenstein alikuwa mwanafunzi wa Meyerhold. Ukiyajua hayo unaanza kuelewa swali la “nani kasimama wapi” limetoka wapi: limetoka ndani ya fasihi yenyewe, kwa mwandishi aliyezaliwa mwaka 1809, miongo mingi kabla ya kamera za sinema.

Hali ni hiyo hiyo katika ushairi. Katika insha yake ya 1938 kuhusu montaji, Eisenstein anaupitia utenzi wa Pushkin kuhusu vita vya Poltava na kuuchambua kana kwamba ni orodha ya shoti. Peter Mkuu haonekani mara moja. Kwanza inasikika sauti, kisha tunaona kundi la vipenzi vyake, kisha anatoka hemani, kisha macho, kisha uso. Msomaji anangojeshwa. Halafu Eisenstein anaona jambo ambalo walimu wetu wa ushairi wangelipenda: mahali mshororo unapokatika na mahali picha inapokatika si lazima pawe pamoja. Hii ni mishata, tunayowakaririsha wanafunzi kila muhula! Tunawafunza kuitambua, waandike “mshororo mshata ni ule ambao maana yake haijakamilika,” wapate alama moja, waende. Mshata unafanya kazi gani pale ulipo? Kwa nini picha imevuka ukingo wa mstari na kumwagikia wa pili? Hapo tunanyamaza, kwa kuwa mwongozo nao umenyamaza.

Sasa niseme pasiponiridhisha, maana Eisenstein si mtume. Ukiyasoma masomo aliyoyaandika Nizhny kwa makini unagundua kwamba mjadala wa darasa ni kama njia zenye vipinda vingi ila lango la kutokea ni moja, na ufunguo anao mwalimu. Mwanafunzi akipendekeza jambo lisilotarajiwa, analisifu kidogo kisha anamwongoza arudi kwenye jibu ambalo bila shaka lilikuwa mfukoni mwake tangu asubuhi. Nawajua walimu wa namna hiyo. Kusema kweli, nimekuwa mmoja wao kwa miaka mingi.

Kasoro ya pili ni nzito zaidi kwetu sisi watu wa lugha. Kwake maneno ni madini yanayochimbwa ili picha ipatikane. Picha ikipatikana, udongo unatupwa. Lakini kwa Dostoevsky sauti inayosimulia imemganda Raskolnikov kiasi kwamba huwezi kusema kwa yakini ni wapi msimulizi anaishia na wapi wazimu wa kijana unaanzia. Hilo haliwekwi kwenye shoti moja, wala mia. Linaishi ndani ya sentensi, katika namna kirai kimoja kinavyojirudia na kujikana. Mwalimu anayetumia mbinu ya Eisenstein peke yake atawapa wanafunzi wake macho makali na masikio mazito.

Vladimir Nabokov angeweza kumsaidia, ingawa nadhani wawili hawa wasingekaa meza moja. Nabokov, Mrusi aliyekimbia mapinduzi, alifundisha fasihi katika Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, kuanzia 1948 kwa takriban muongo mmoja, na mihadhara yake kuhusu Warusi ikachapishwa mwaka 1981 baada ya kifo chake. Naye alichora. Aliwachorea wanafunzi mpangilio wa behewa la kulala ambamo Anna Karenina alisafiri kati ya Moscow na Petersburg, kwa sababu aliamini kwamba asiyejua Anna aliketi wapi hawezi kujua alichokihisi. Tofauti ni kwamba Nabokov alichora ili amrudishe mwanafunzi kwenye maneno. Bahati mbaya alikuwa na kiburi. Dostoevsky alimdharau waziwazi mbele ya darasa, na sioni faida ya mwalimu kuwafunza vijana dharau kabla hawajafunza upendo.

Kuna Mwafrika mmoja anayenionyesha kwamba njia hizi zinaweza kukutana. Ousmane Sembène alikuwa tayari mwandishi wa riwaya alipokwenda Moscow mapema miaka ya 1960 kujifunza sinema katika studio iliyopewa jina la Gorky, chini ya Mark Donskoy. Donskoy huyo ndiye aliyekuwa ametengeneza filamu tatu kutokana na tawasifu ya Gorky kati ya 1938 na 1940, kwa hiyo alikuwa mtu aliyezoea kusafiri kati ya ukurasa na pazia. Sembène aliporudi Senegal aliichukua hadithi fupi yake mwenyewe na mwaka 1966 akaifanya filamu, La Noire de..., kisa cha Diouana, kijakazi kutoka Dakar anayepelekwa Ufaransa na waajiri wake na kuishia kujiua.

Zilinganishe. Hadithi iliyoandikwa inaanza na kifo: maafisa wamefika nyumbani, mwili upo, na sisi tunasoma tukijua tayari. Filamu inaanza na meli ikitia nanga, msichana akishuka amevaa vizuri, hajui lolote nasi hatujui. Mtu yule yule, kisa kile kile, mpangilio umegeuzwa. Katika maandishi tunauliza “imekuwaje?” Katika filamu tunauliza “itakuwaje?”, na tunapojibiwa tunaumia kwa namna nyingine. Kisha Sembène akaongeza kitu ambacho hadithi haikuwa nacho: kinyago anachowapa waajiri wake, kinachotundikwa ukutani kama pambo, na mwishoni kinavaliwa na mtoto anayemfuata mzungu kila aendako. Mwanafunzi akiulizwa kwa nini kalamu haikukihitaji kinyago na kamera ikakihitaji, hawezi kujibu kwa kutazama filamu pekee. Wala kwa kusoma hadithi pekee. Lazima avishike vyote viwili. Hilo, nilimwambia kijana wangu, ndilo swali la mtihani ambalo hakuna mwongozo unaoliuza.

Akanijibu, na alikuwa na haki, kwamba wanafunzi wake hawana nakala za Dostoevsky na Kirusi hawakijui. Nikamshauri aanze na kitabu cha hapa kabla ya kuvuka bahari. Tukachagua Kusadikika ya Shaaban Robert, riwaya ya mwaka 1951: nchi inayoelea hewani, Karama ameshtakiwa kwa kutaka kufundisha uanasheria, Majivuno anamshtaki mbele ya Mfalme Jeta, na mshtakiwa anajitetea kwa siku sita akisimulia habari za wajumbe sita. Kwa miaka na miaka tumewauliza wanafunzi dhamira ya Kusadikika, nao wametujibu: uhuru, haki, ukoloni, uongozi mbaya. Majibu sahihi yote, na ukiyasoma 200 mfululizo wakati wa kusahihisha unatamani kulia.

Kijana wangu alikwenda darasani na swali moja tu. Mna kamera moja, haisogei, na siku ya kwanza ya kesi ndiyo mnayoipiga picha. Mtaiweka wapi?

Alinipigia jioni ile ile. Waliokuwa wakisinzia walisimama. Kundi moja lilitaka kamera iwe nyuma ya mfalme, ili Karama aonekane mdogo, na sisi watazamaji tujikute upande wa kiti cha enzi, tukihukumu pamoja naye bila kupenda. Msichana mmoja akakataa kabisa: iwe nyuma ya Karama, usawa wa bega lake, kwa sababu kitabu kizima ni maneno yake na mfalme anasikiliza, tunachohitaji kuona ni uso wa anayesikiliza unavyobadilika siku baada ya siku. Mwingine akauliza wajumbe sita watakuwa wapi, kwani kila Karama anaposimulia habari zao ni kama wameingia barazani. Wakabishana kama mfalme anazungumza wakati Majivuno anashtaki au ananyamaza tu, na hapo ikabidi kutazama kitabuni. Nakala iliyokuwemo darasani ilikuwa moja, ya maktaba, imechanika jalada. Ilizunguka kwa mikono hadi kipindi cha somo lililofuata kikagonga mlango, na alipoiomba airudishe maktabani akaambiwa na wanafunzi wawili waliokuwa wameikumbatia, “Subiri kidogo, Mwalimu, hatujafika siku ya tatu.”